Pensheni Iliyoanzia Nshamba

Wasikilizaji, mwaka 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya kumlipa pensheni mfanyakazi aliyefikisha umri wa miaka 70. Aliyeisukuma ni Kansela Otto von Bismarck, na msukumo wake haukuwa huruma tupu. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vinapata nguvu viwandani, naye alitaka kuwatuliza. Mwaka uliofuata, Novemba 1890, Emin Pasha, mtumishi wa dola hiyo hiyo, akafika ufukweni mwa Ziwa Viktoria na kuanzisha kituo cha Wajerumani pale Bukoba. Bendera ikapandishwa, askari wakapangwa, na baada ya muda kodi ikaanza kudaiwa. Sheria ya pensheni ilibaki Berlin.

Waingereza walioishambulia Bukoba Juni 1915, kisha wakakabidhiwa Tanganyika baada ya vita, nao walikuwa na pensheni yao nyumbani. Kuanzia tarehe 1 Januari 1909 mzee wa Uingereza mwenye miaka 70 na kipato kidogo alikuwa akichukua shilingi 5 kwa wiki, bila kuulizwa alichangia nini alipokuwa kijana. Koloni lao la Morisi lilianzishiwa pensheni ya wazee mwaka 1950, na mwaka 1958 ikawa ya kila mzee, tajiri na maskini. Tanganyika haikupewa. Mzee wa Bukoba aliendelea kutegemea alichokuwa nacho kabla ya wageni hao kufika: kibanja na watoto.

Na kibanja, kwa kweli, kilikuwa mpango wa uzeeni uliofikiriwa vizuri. Migomba ikiwekewa samadi na nyasi huzaa miaka nenda miaka rudi. Mkungu haungoji msimu kama mahindi. Katikati ya migomba kuna mibuni, chini yake maharage, na kahawa ya maganda ikiuzwa inalipa kodi, ada na sanda. Mtoto wa kiume anayerithi kibanja anarithi na wazazi waliomo ndani yake. Ni makubaliano ya ukoo, hayana karatasi, na yamewalisha wazee wengi kuliko mfuko wowote wa serikali uliowahi kuundwa katika nchi hii.

Lakini makubaliano hayo yaliwaacha watu wengine nje. Wapo waliolima ardhi ya mabwana chini ya nyarubanja, mfumo ambao Serikali ya uhuru ilianza kuuvunja kwa sheria ya mwaka 1965. Na walikuwapo wanawake. Mwanamke angeweza kulima kibanja cha baba yake maisha yake yote, akala humo na kulea humo, ila asikiuze.

Mwaka 1988 bibi mmoja wa wilayani Muleba, Holaria Pastory, aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, aliona uzee unamwelemea na hana wa kumtunza. Akaliuza kwa Sh 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Mtoto wa ndugu yake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akisema kwamba kwa mila za Kihaya mauzo hayo ni batili. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, ambako Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi aliyorithi, huku ikimruhusu mwanamume, inakwenda kinyume na haki zilizomo katika Katiba. Kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory inafundishwa mpaka leo katika vyuo vya sheria, ndani na nje ya Tanzania, kama kesi ya usawa wa mwanamke na mwanamume.

Ndivyo ilivyo. Ila mtu akiisoma akiwa na uzee kichwani ataona jambo jingine. Bibi huyo alikuwa anajilipa pensheni. Alikuwa na shamba, hana wa kumtunza, hana mfuko wa kumlipa. Akageuza ardhi kuwa fedha ili apate kula. Jaji alimlinda asinyang'anywe haki hiyo. Je, shamba lisingekuwapo, angelindwa na nani? Swali hilo halikuwa mbele ya mahakama, na hakuna aliyelijibu.

Wakati shauri hilo linasikilizwa, jibu lilikuwa tayari linahitajika kwa maelfu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Watu wa huku waliuita Juliana kabla haujapata jina lake la sasa. Mwaka 1987 watafiti waliopima damu katika mji wa Bukoba walikuta karibu watu wazima 24 katika kila 100 wana virusi. Dawa za kufubaza hazikuwapo. Rika lililokuwa likizikwa ni lile la miaka 20 mpaka 40 na kitu, yaani watoto wa wazee na wazazi wa watoto. Makubaliano ya ukoo yalisimama juu ya rika hilo; lilipoondoka, bibi wa miaka 70 akarudi kuwa mzazi wa mtoto wa miaka mitatu.

Kagera, kwa bahati ya pekee, ni moja ya sehemu za Afrika zilizochunguzwa kwa muda mrefu kuliko nyingine katika jambo hili. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliziandikisha na kuzifuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, wakitaka kujua kifo cha mtu mzima kinaifanyia nini kaya. Watafiti wakarudi mwaka 2004, wakarudi tena 2010, safari hizo kazi ikifanywa na taasisi ya utafiti iitwayo EDI, iliyoanzia hapa hapa Bukoba. Watu wakatafutwa mmoja mmoja, aliyehamia Mwanza akafuatwa Mwanza, aliyevuka kwenda Uganda akafuatwa Uganda.

Matokeo mojawapo yanauma. Walifuatiliwa watoto 718 ambao mwanzoni hawakuwa yatima. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikua na kuwa wafupi kwa kiasi cha sentimita 2, na walisoma pungufu ya wenzao kwa takriban mwaka mzima. Sentimita hizo hazirudi. Mwili wa mtu mzima unabeba mpaka leo hesabu ya chakula kilichokosekana mwaka ule.

Hapo ndipo Nshamba inapoingia.

Nshamba ni mji mdogo kwenye vilima vya Muleba. Mwaka 2003 ulianzishwa hapo mradi uitwao Kwa Wazee, chini ya Mswisi Kurt Madörin, ambaye tayari alikuwa akifanya kazi na yatima wa eneo hilo kupitia mpango wa Humuliza. Miradi mingi ya wakati huo ilileta mbuzi, mafunzo, semina na fulana. Kwa Wazee ilileta fedha taslimu: Sh 6,000 kwa mwezi kwa mzee, na nyongeza ya Sh 3,000 kwa mjukuu anayemlea. Hakukuwa na semina ya kumfundisha bibi namna ya kuitumia.

Wakosoaji walikuwa na hoja zao, na hazikuwa za kipuuzi. Fedha itaishia kwenye rubisi, pombe ya ndizi. Vijana watamnyang'anya mzee. Wajukuu watalemaa. Basi ikafanyika tathmini, ikachapishwa mwaka 2008, ikiwalinganisha wazee waliokwisha kulipwa na wenzao ambao hawajaanza kulipwa. Ripoti ilipewa jina la vitu vitatu vilivyonunuliwa: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Wazee waliolipwa walipunguza siku za kulala na njaa, walipunguza kuomba kwa majirani, na wajukuu wao walipata daftari na sare. Sabuni si kitu kidogo. Mtoto anayenuka hukaa peke yake darasani, na anayekaa peke yake hatimaye haji.

Haki isemwe: Nshamba nayo ilichagua. Fedha za wafadhili hazikutosha kila mzee wa Muleba, kwa hiyo waliangaliwa kwanza walio katika hali mbaya zaidi. Ila somo lake kubwa lilikuwa katika ule utaratibu wa kila mwezi. Kiasi kidogo kinachojulikana siku yake humwezesha mzee kukopa kilo ya unga dukani na kuaminiwa, jambo ambalo msaada mkubwa wa mara moja hauliwezi. Anayeishi Kagera anajua kinyume chake kikoje, kwa sababu anaijua butura: mtu anauza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anaumwa leo na mavuno yako miezi mbele. Serikali imeipiga vita butura kwa amri na kwa mikutano. Mwenye shida ya leo haponywi kwa amri. Akiwa na fedha kidogo ya uhakika kila mwezi, anaweza kuiacha kahawa yake iive.

Yaliyoonekana Nshamba yalikuwa yameonekana pia Afrika Kusini, katika mpango mkubwa mara nyingi zaidi. Nchi hiyo ilianza kulipa pensheni ya wazee mwaka 1928, ikawatenga Waafrika weusi. Wao waliingizwa mwaka 1944, kwa kiwango cha chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ubaguzi ulipokuwa unabomoka, viwango vikalinganishwa, na ghafla mabibi wa vijijini wakawa ndio watu wenye kipato cha uhakika nyumbani. Mchumi Esther Duflo, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2019, alichambua vipimo vya watoto wa nyumba hizo. Pensheni iliyoingia mkononi mwa bibi ilionekana katika uzito na urefu wa wajukuu wa kike. Iliyoingia mkononi mwa babu haikuonekana. Akina babu mnaosikiliza, hilo si la kuchukuliwa kwa hasira. Ni vipimo tu.

Sasa Tanzania Bara ilifuata njia ipi? Ilifuata mbili, na zote mbili zina asili ya mbali.

Ya kwanza ni ile ya Bismarck: mfanyakazi anachangia, mwajiri anachangia, uzee ukifika analipwa. Tanganyika iliunda mfuko wa akiba wa wafanyakazi kwa sheria ya mwaka 1964. Mwaka 1997 ukageuzwa kuwa NSSF. Watumishi wa umma walikuwa na mifuko yao, iliyounganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF. Ni mifuko yenye kazi ya maana kwa waliomo. Lakini mfumo huo ulibuniwa kwa nchi ya viwanda, ambako mtu ana mwajiri, karatasi ya mshahara na tarehe ya kustaafu. Mkulima wa Kamachumu mwajiri wake ni nani? Mvuvi wa dagaa wa visiwa vya Muleba anastaafu lini? NSSF imefungua mlango kwa waliojiajiri, na vijana wanaoendesha bodaboda wanahimizwa kujiunga. Ni jambo jema kwao. Kwa bibi ambaye leo ana miaka 75, mpango wa kuchangia miaka mingi ijayo ni utani.

Njia ya pili ilitoka Meksiko. Mwaka 1997 nchi hiyo ilianzisha mpango wa kuzilipa familia maskini kwa masharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Brazili ikaunganisha mipango yake ya namna hiyo mwaka 2003 katika Bolsa Família, na mfano huo ukazunguka dunia. Kwetu ulifika kupitia TASAF, mfuko ulioanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya kujenga madarasa, zahanati na visima. Majaribio ya kulipa kaya yalianza mwaka 2010 katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, kisha mwaka 2013 ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, nchi nzima. Ruzuku ya msingi mwanzoni ilikuwa Sh 10,000 kwa mwezi, ikilipwa kila baada ya miezi miwili, pamoja na nyongeza kwa kaya yenye watoto. Kaya zaidi ya milioni moja ziliingia.

Vijiji vile vya majaribio vilitathminiwa kwa makini: vijiji 40 vilivyolipwa vikalinganishwa na 40 vilivyosubiri. Walengwa walijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, walifuga kuku zaidi, na watoto wao walivaa viatu zaidi. Ni viatu vile vile vya Nshamba, safari hii mikoani Pwani na Dodoma. Anayesema maskini akipewa fedha huzitapanya aulizwe ameyaona wapi, kwa maana huku kwetu imepimwa zaidi ya mara moja na haikuonekana.

Kwa hiyo ugomvi wa mazungumzo haya hauko kwenye faida ya kulipa. Uko kwenye chekecheke: nani anapita, nani anabaki juu, na nani ameishika.

Kila mfumo wa kusaidia watu duniani ulianza na chekecheke, na nyingine ni za kuchekesha ukiziangalia leo. Nyuzilandi, iliyoanza kulipa wazee mwaka 1898, ilimtaka mzee awe na tabia njema, na ikawafungia mlango Wachina. Uingereza ya 1908 iliwakataa waliotoka jela karibuni na waliohesabiwa kuwa wavivu. Afrika Kusini ilichekecha kwa rangi. Chekecheke ya TASAF ni ya kisasa zaidi: wanakijiji wanakutana na kuzitaja kaya maskini kabisa, halafu linakuja dodoso la kuuliza paa ni la nini, ukuta ni wa nini, wanakaya wangapi, na kompyuta inatoa alama.

Utaratibu huo umewekwa kwa nia njema. Tatizo ni kwamba vijijini kwetu maskini na maskini sana wanatenganishwa na mbuzi mmoja. Mwaka huu una mbuzi, mwakani amekufa, wewe ulikwisha kuandikwa kuwa unajiweza. Bibi mwenye paa la bati alilojengewa na mwanawe kabla ya kufa anapata alama mbaya kwa sababu ya bati, ilhali mjengaji yuko kaburini. Mkutano nao una siasa zake. Anayejua kusema husikika, na mjane aliyehama kutoka kijiji kingine hana wa kumtaja. Makosa hutokea pande zote mbili: mwaka 2016 Serikali yenyewe ilitangaza kugundua kaya nyingi zilizokuwa zikilipwa bila kustahili, zikaondolewa. Ambao hawakuandikwa ilhali wanastahili, hao hawatangazwi, kwa kuwa hakuna orodha yenye majina yao.

Kisha upo msemo wa kuhitimu. Kaya inasaidiwa miaka kadhaa, inapewa mafunzo, inaanzisha mradi, inahitimu na kutoka. Kwa kaya yenye mama wa miaka 35 msemo huo una maana. Mzee wa miaka 78 anahitimu kwenda wapi?

Zanzibar iliitupa chekecheke hiyo kwa wazee. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, Sh 20,000 kwa mwezi, kwa fedha za bajeti yake yenyewe bila mfadhili. Haiulizi paa wala tabia wala nani jirani yako. Inauliza umri na ukaazi. Wakati wa Rais Hussein Mwinyi ikapandishwa hadi Sh 50,000. Mtu akiuliza kwa nini waziri mstaafu naye alipwe, jibu ni la kihasibu: wazee matajiri ni wachache, fedha hiyo kwao ni ndogo, na kuajiri watu wa kuwatafuta na kuwaondoa kunagharimu, tena kunazaa mianya ya kupendelea. Zaidi ya hapo, haki ya kila mtu hulindwa na kila mtu. Siku malipo yakichelewa, analalamika mzee wa Michenzani mwenye wanawe serikalini, na yule wa Micheweni asiye na mtu anafaidika na kelele hizo.

Kenya ilifika karibu na hapo mwaka 2018, ilipoifungua Inua Jamii kwa wazee wote wenye zaidi ya miaka 70 wasio na pensheni nyingine, kwa Sh 2,000 za Kenya kila mwezi. Wazee wengi wa huko hata hivyo wamezoea kungoja malipo yaliyochelewa kwa miezi, na pensheni isiyojulikana siku yake inapoteza nusu ya kazi yake, kama Nshamba ilivyoonyesha. Lesotho, nchi ndogo ya milima isiyosifika kwa utajiri, ilianza mwaka 2004 kuwalipa wazee wa miaka 70 kwa fedha zake yenyewe. Hoja ya kwamba sisi ni maskini mno kuthubutu inakuwa ngumu kuitetea mbele ya Msotho.

Mfano ulio karibu zaidi na msikilizaji wa Kagera hauhitaji ndege. Uganda ilianza mpango wake wa wazee karibu na mwaka 2010 katika wilaya chache, baadaye ukaenea nchi nzima kwa wenye miaka 80 na kuendelea: Sh 25,000 za Uganda kwa mwezi. Umri huo ni mkubwa mno, na Waganda wenyewe wanaulalamikia. Hata hivyo, mzee wa miaka 82 wa upande wa Kyotera anajua ana kitu chake. Mwenzake wa miaka 82 upande wa pili wa Mutukula, wilayani Missenyi, ambaye pengine wanaelewana lugha na hata wana undugu, yeye anangoja kama mkutano wa kijiji utamtaja.

Wapo watakaosema, Wahaya wana utaratibu wao, serikali ya nini? Upo, na unastahili heshima. Nyakatoke, kijiji cha Bukoba Vijijini chenye kaya 119, kimeandikwa katika majarida ya uchumi duniani kwa sababu ya vikundi vyake vya kuzikana na kusaidiana, ikiwamo bujuni ya akina mama. Mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt aliiuliza kila kaya inamtegemea nani siku ya shida. Akachora mtandao wote wa kijiji. Ndani yake mna udugu mwingi, na mna jambo la kuhuzunisha pia: maskini walikuwa na watu wachache wa kuwategemea kuliko wenye nacho. Kusaidiana kunadai uwe na cha kurudisha. Ajuza asiyeweza kubeba ndoo ya maji kwenda kwenye msiba wa jirani anaanza kusahauliwa taratibu, bila mtu yeyote kuwa mbaya.

Na wale waliokwenda Dar es Salaam, Mwanza na kwingine? Zile kaya za utafiti zilionyesha kwamba waliotoka Kagera kati ya 1991 na 2004 waliwaacha wenzao mbali kimaisha. Ongezeko la matumizi yao lilizidi la waliobaki nyumbani kwa kiasi cha pointi 36 za asilimia hivi. Uchambuzi wa baadaye, ukifika hadi 2010, ulikuta kwamba waliohama wanabeba mishtuko ya waliobaki. Mvua ikigoma au mtu akifa kijijini, mfukoni mwa aliye mjini panapungua. Mjini mambo yakiharibika, kijijini hakuna anayetikisika. Mzigo unakwenda upande mmoja, na unagharimu waliohama kati ya asilimia 3 na 5 ya maendeleo yao. Ni kodi ambayo TRA haijawahi kuiona, inatumwa kwa simu kila mwezi. Udhaifu wake ni ule ule wa Bi. Pastory: asiye na mtoto mjini hana wa kumtumia.

Septemba 2016 Kagera ilipata somo jingine kuhusu nani hubeba nini. Tarehe 10 mwezi huo tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba Bukoba, Missenyi na kwingine, na watu wapatao 17 wakapoteza maisha. Michango ikamiminika kutoka kila pembe. Januari 2017 Rais John Magufuli, akiwa Bukoba, aliwaambia wananchi wazi kwamba Serikali haitajenga nyumba za watu binafsi. Michango ingeelekezwa kwenye shule, hospitali na miundombinu. Wengi waliumia kusikia hivyo. Kisera lilikuwa tamko la ukweli kuhusu mfumo wetu: dola hubeba majengo ya umma, na mtu hubebwa na nduguze. Japani, Uturuki na Nyuzilandi, nchi zinazotetemeka mara nyingi, zimejenga bima za nyumba za kitaifa ili mwenye nyumba asibaki kutegemea hisani. Sisi hatujafika huko, wala mjadala haujaanza.

Mjadala wa pensheni, huo ulikwisha kuanza. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, mwaka ule ule Kwa Wazee ilipoanza kulipa. Ndani yake mna ahadi ya matibabu bila malipo kwa wazee, ahadi ambayo kila mwenye mzazi anajua inakwisha pale bibi anapoambiwa dawa akanunue nje. Mwaka 2010 wizara iliyoshughulikia kazi, pamoja na shirika la HelpAge, zilitoa uchambuzi wa namna Tanzania inavyoweza kumlipa kila mzee pensheni, na gharama zake. Sensa ya 2022 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi karibu milioni 3.5 katika nchi ya watu milioni 61.7, wenye miaka 70 na zaidi ni wachache zaidi ya hapo. Anzeni na 70 kama Zanzibar, au hata na 75, mkishuka kila bajeti inaporuhusu. TASAF iendelee na kaya zenye watoto, kazi inayoiweza. Wazee waondolewe kwenye chekecheke. Hilo ndilo linalofaa, na hakuna haja ya kusubiri tathmini nyingine kutoka Muleba.

Siku itakapokuja, kikwazo cha kwanza kwa wazee wetu kitakuwa kuthibitisha umri. Wengi waliozaliwa miaka ya 1940 na 1950 hawana cheti cha kuzaliwa, na maofisa wa kitambulisho cha Taifa waliandika mwaka waliotajiwa au waliokisia. Basi nyinyi mnaosikiliza huko Kashozi, Rubya, Kamachumu, Izigo na kote, mlio na mzazi au bibi hai: angalieni mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho chake cha NIDA. Ukiwa na makosa, nendeni parokiani au usharikani mkaombe nakala ya ubatizo wake. Kwa Waislamu, watafuteni wazee watakaothibitisha kwa kiapo. Kisha mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji mkaulize marekebisho yanafanywa vipi, angali na nguvu za kutembea.